Kibati: Barabara ya wakimbizi inaweza kuwa barabara ya wakimbiaji

Kila mwisho wa juma, kabla jua halijapanda juu ya Goma, nyimbo zinasikika barabarani. Ni vikundi vya futingi. Vijana kwa wazee, wanawake kwa wanaume, wanakimbia wakipiga makofi, mmoja anaanzisha wimbo na wengine wanaitikia. Wengi wanazunguka palepale mjini, kati ya mabasi, mapikipiki na vumbi. Wachache wanageuza uso kaskazini, wanashika barabara ya Rutshuru na kupanda kuelekea Kibati.

Ni njia ngumu na nzuri. Upande mmoja una Nyiragongo, mlima wa moto wenye metre 3.470. Chini yako unaacha mji na ziwa Kivu. Pembeni kuna mashamba ya maharagi, mtama na viazi, kuta za mawe meusi, vijiji vya Bukumu ambavyo vimeungua na kujengwa tena zaidi ya mara moja. Kwa mtu anayependa kukimbia, ni vigumu kupata katika Kivu Kaskazini mahali pengine panapokusanya hayo yote kwa umbali wa asubuhi moja.

Lakini katika Kiswahili chetu neno «kukimbia» linabeba mizigo miwili. Mtu anakimbia kwa ajili ya mazoezi, na mtu anakimbia vita. Kibati inafahamu zaidi maana ya pili. Kuna watu wazima wa hapa ambao wamepita barabara hii na godoro kichwani mara nne au tano katika maisha yao. Ndiyo maana kuandika juu ya njia za mbio za Kibati si kuandika juu ya mchezo tu. Ni kuuliza kama barabara hiyohiyo inaweza siku moja kutumika kwa furaha.

Kibati ni wapi?

Kibati iko kaskazini mwa Goma, kwenye barabara ya taifa namba 2. Kutoka mjini ni kati ya kilometa 10 na 15, kulingana na mahali unapoanzia. Ni moja ya grupema saba za usultani wa Bukumu katika teritware ya Nyiragongo, pamoja na Munigi, Mudja, Rusayo, Buvira, Kibumba na Buhumba. Nyiragongo ni teritware ndogo kuliko zote za Kivu Kaskazini, lakini ndiyo inayolisha Goma kila siku kwa mboga, na ndiyo inayopokea moto wa kwanza kila volkano inapopasuka.

Kwa wageni, Kibati ilijulikana kwa jambo moja: ndipo safari ya kupanda Nyiragongo inapoanzia. Kituo cha walinzi wa Hifadhi ya Virunga kiko karibu metre 2.000 juu ya usawa wa bahari. Hifadhi yenyewe iliundwa mwaka 1925 kwa jina la Hifadhi ya Albert, na mwaka 1979 Unesco iliiweka katika orodha ya urithi wa dunia.

Kabla ya wageni, mlima ulikuwa na wenyewe. Wazee wa Bukumu hawakuuona kama mahali pa kutembelea. Ulikuwa makao ya roho za waliokufa, na moto wake ulikuwa na maana. Mzungu wa kwanza kufika ukingoni mwa shimo lake alikuwa Mjerumani, Gustav Adolf von Götzen, mwaka 1894, wakati wa safari yake ya kuvuka Afrika.

Miaka ishirini baadaye Wajerumani walikuwa Gisenyi na Wabelgiji upande huu. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia, eneo hili kati ya ziwa na volkano lilikuwa mstari wa mapigano, na Kibati ilikuwa na kambi ya askari wa Force Publique. Mwaka 1916, chini ya Jenerali Charles Tombeur, askari hao waliingia Rwanda, wakachukua Kigali mwezi wa tano na Tabora mwezi wa tisa. Nyuma yao walitembea wapagazi kwa maelfu, waliobeba risasi na chakula kwa vichwa na mabega. Vitabu vinataja majina ya majenerali. Majina ya wapagazi hayakuandikwa.

Njia ya kwanza: Goma hadi Kibati

Njia rahisi kuifuata ni barabara kuu yenyewe. Unatoka Goma, unapita Majengo, unauacha uwanja wa ndege nyuma, unafika Buhene, kisha Kanyaruchinya, kisha Kibati. Haina kona nyingi, lakini haina huruma. Ziwa Kivu liko metre 1.460 hivi juu ya usawa wa bahari, na Kibati inakaribia 2.000. Maana yake, mkimbiaji anapanda karibu metre 500 bila kupata mteremko wa kupumzikia.

Katika kilometa za kwanza unakimbia juu ya historia bila kuiona. Tarehe 17 mwezi wa kwanza 2002, ufa ulifunguka ubavuni mwa Nyiragongo kutoka upande wa Shaheru, ukashuka hadi karibu na Munigi, na moto ukaingia mjini. Ulifunika sehemu ya uwanja wa ndege, ukapita katikati ya maduka na nyumba, ukafika ziwani. Watu zaidi ya mia moja walikufa na mamia ya maelfu wakakimbilia Gisenyi na kwingineko. Leo nyumba zimejengwa juu ya moto ule uliopoa. Mawe yake ndiyo msingi, ndiyo ukuta, ndiyo kokoto za barabara.

Ukifika Buhene unakuta moto mdogo zaidi kwa umri. Jumamosi tarehe 22 mwezi wa tano 2021, jioni, anga la Goma liligeuka jekundu. Safari hii moto haukuingia katikati ya mji. Ulisimama Buhene, karibu kabisa na uwanja wa ndege, lakini kabla ya hapo ulikuwa umemeza vijiji na kukata barabara ya Rutshuru. Watu zaidi ya 30 walikufa. Baadhi yao hawakuuawa na moto wenyewe. Walijaribu kuvuka mawe ambayo juu yalionekana yamepoa, wakakutana na gesi. Siku tano baadaye, baada ya mitetemeko isiyokoma, mkuu wa jimbo aliamuru mitaa kumi ya Goma iondoke. Watu walikwenda Sake, Minova, Rutshuru na Rwanda.

Kwa mkimbiaji, mawe ya 2021 ni rahisi kuyatambua. Bado ni meusi, makali, na mimea ni michache. Mawe ya 2002 yamefunikwa na kitu cha kijivu kama ukungu mkavu. Hicho ni kiumbe cha kwanza kuishi juu ya moto uliopoa, na ndicho kinachotayarisha udongo kwa majani yatakayofuata. Mawe ya zamani zaidi, kama ya 1977, yamekuwa na vichaka na hata mashamba. Kwa hiyo unapopanda kutoka Goma unaweza kusoma umri wa ardhi kwa macho, bila mwalimu.

Hiyo ya 1977 wazee wanaikumbuka kuliko zote. Tarehe 10 mwezi wa kwanza mwaka huo, ziwa la moto lililokuwa ndani ya shimo lilimwagika lote kwa muda usiozidi saa moja. Moto wa Nyiragongo ni mwepesi kama maji kuliko moto wa volkano nyingi duniani. Siku ile ulishuka kwa mwendo ambao hakuna mwanadamu anayeweza kuushinda kwa miguu. Watu wengi wa vijiji vya ubavuni hawakupata hata nafasi ya kukimbia.

Njia ya pili: vijiji vya chini ya mlima

Ukichoka na malori ya barabara kuu, kuna njia za miguu zinazounganisha Munigi, Mudja na Rusayo, upande wa magharibi. Hizi ni njia za akina mama wanaokwenda shambani na watoto wanaokwenda shule. Hapa ardhi inapanda na kushuka kati ya vilima vidogo vya mviringo, ambavyo vyenyewe ni volkano zilizokufa. Pembeni kuna migomba na maharagi, na kuta za mawe zilizopangwa kwa mkono, bila simenti, ili kusafisha shamba na kuzuia mbuzi kwa pamoja.

Jambo moja litakushangaza: mvua inanyesha sana lakini huoni mto. Mawe ya volkano yana matundu, maji yanazama moja kwa moja. Ndiyo maana kila nyumba yenye bati ina kitu cha kukinga mvua, na ndiyo maana njiani utapishana na watoto wenye bidoni ya manjano ya litre 20 mgongoni, wamefunga kamba kwenye paji la uso. Mkimbiaji asiombe maji ya kunywa katika vijiji hivi kama vile maji ni ya bure. Abebe ya kwake. Akinunua, alipe bila kubishana bei.

Njia hizi zina hatari ambayo mkimbiaji wa alfajiri anapaswa kuifahamu kuliko mtu mwingine yeyote: mazuku. Ni gesi ya kaboni inayotoka ardhini, haina rangi, haina harufu, na ni nzito kuliko hewa. Inajaa katika mashimo na mabonde, hasa usiku na asubuhi mapema wakati hakuna upepo. Jua likipanda na upepo ukianza, inatawanyika. Sehemu zinazojulikana zaidi ziko magharibi mwa Goma, kuelekea Sake, lakini kanuni ni moja kwa eneo lote la volkano. Usishuke kwenye shimo ili kukatisha njia au kujisaidia. Ukiona panya, ndege au mjusi aliyekufa chini bila sababu, rudi juu. Wenyeji wanajua mashimo mabaya yako wapi. Kuwauliza ni bure.

Njia ya tatu: Kibati hadi Kibumba

Kwa wenye miguu iliyozoea, barabara inaendelea kutoka Kibati hadi Kibumba, kilometa nyingine zaidi ya kumi. Hapa hewa ni baridi na ukungu unakaa hadi saa tatu za asubuhi. Kulia ni vilima vya mpaka wa Rwanda. Mbele, ukungu ukifunguka, unaiona Mikeno yenye metre 4.437 na Karisimbi yenye metre 4.507. Mashamba yamejaa shu, viazi na vitunguu, kwa sababu udongo wa volkano uliozeeka unazaa vizuri.

Ni hapa utakutana na wanariadha wa kweli wa barabara hii, ambao hawajawahi kupewa medali. Ni wenye chukudu. Chukudu ni mti mtupu: magurudumu mawili ya mbao yenye mpira, usukani, na mahali pa kuweka goti. Kutoka Kibumba na Kibati inashuka hadi Goma na mamia ya kilo za makala, shu au viazi, breki yake ikiwa kipande cha mpira na mguu wa mwenyewe. Jioni mwenye chukudu anaisukuma kurudi juu, mlima uleule unaomshinda mtu wa futingi mwenye viatu vya bei. Goma imemjengea sanamu ya rangi ya dhahabu katikati ya mji. Kama siku moja kutakuwa na mashindano makubwa kwenye barabara hii, wao ndio wa kwanza kualikwa.

Kibumba nayo ina kumbukumbu yake. Mwezi wa saba 1994 watu wa Rwanda walivuka mpaka kwa mamia ya maelfu, na moja ya kambi zao kubwa ilikuwa hapa, juu ya mawe yasiyochimbika, pasipo maji. Kipindupindu kiliua makumi ya maelfu katika eneo la Goma kwa majuma machache. Mwaka 1996 vita vilifika katika kambi hizo, na barabara ilijaa tena watu wanaokimbia.

Wakati barabara ilikuwa ya kukimbia tu

Orodha haikuishia hapo. Mwishoni mwa mwezi wa kumi 2008, askari wa CNDP wa Laurent Nkunda walifika karibu na malango ya Goma, na Kibati ikawa kambi ya makumi ya maelfu ya wakimbizi wa ndani. Mwezi wa kumi na moja 2012, M23 walishuka kwa barabara hii, kambi ya Kanyaruchinya ikabaki tupu kwa siku moja, na tarehe 20 Goma ikaanguka kwa mara ya kwanza mikononi mwao. Mwezi wa nane 2013, vilima vya Kibati, pamoja na kile watu wanachokiita Antena Tatu, vilikuwa uwanja wa mapigano makali. Jeshi la taifa, likisaidiwa na askari wa Umoja wa Mataifa kutoka Tanzania na Afrika Kusini, liliwarudisha M23 nyuma. Afisa mmoja wa Tanzania alifia katika mapigano hayo, na raia wengi wakauawa na mabomu yaliyoanguka hadi ndani ya Goma.

Mwaka 2022 historia ilirudi. Watu wa Rutshuru na Kibumba walishuka, na Kanyaruchinya ikajaa tena mahema. Mwezi wa kwanza 2025 Goma ilichukuliwa tena na M23, na majuma machache baadaye mahema yale yakabomolewa na watu wakaambiwa warudi walikotoka. Wengi walikuta nyumba bila bati, shamba bila mbegu.

Kwa hiyo mtu akisema «twende tukakimbie Kibati», kuna mama atakayejiuliza: mmesikia nini tena? Kikundi cha watu ishirini kinachokuja mbio barabarani alfajiri, katika sehemu hii, kinaweza kuamsha kijiji kizima kwa hofu. Hili si jambo dogo, na wenye futingi wa mjini mara nyingi hawalifikirii. Nyimbo zinasaidia. Mtu anayekimbia vita haimbi. Salamu pia zinasaidia. Kupita mbio mbele ya mzee bila kusema hata «jambo» ni utovu wa adabu popote, lakini hapa ni zaidi ya hapo.

Mlima wenyewe

Njia ya nne ndiyo ambayo kila mkimbiaji anaiota, na ndiyo iliyofungwa. Kutoka kituo cha Kibati hadi ukingo wa shimo ni kilometa 8 hivi tu, lakini unapanda karibu metre 1.500. Wapandaji wa kawaida walikuwa wanatumia saa nne hadi sita. Unaanza ndani ya msitu, unaingia kwenye mawe yanayoteleza chini ya kiatu, unapita karibu na Shaheru, volkano ya zamani iliyolala ubavuni, kisha mwisho ni mwinuko mkali ambapo hata kutembea ni kazi. Juu palikuwa na vibanda vidogo vya kulala wageni, na chini yao ziwa la moto.

Vijana wa Kibati walipata riziki kwa kubeba mizigo ya wageni hao. Baada ya mlipuko wa 2021 upandaji ulisimamishwa, kisha vita vikafuata. Mtu asijaribu kupanda kwa siri. Mlima uko ndani ya hifadhi, gesi zake ni sumu, na katika misitu ya eneo hili kumepita majeshi mengi mno kwa mtu kuamini kila njia.

Tukiangalia wengine

Je, ni ndoto kufikiria mbio za kweli chini ya volkano? Wenzetu wa Kameruni wanafanya hivyo tangu 1973. Kila mwaka katika mji wa Buea, wakimbiaji wanaondoka uwanjani asubuhi, wanapanda Mlima Kameruni wenye zaidi ya metre 4.000, na kurudi chini siku ileile. Wanaziita Mbio za Matumaini. Mlima huo ni volkano hai, ulipasuka mwaka 1999 na 2000, na bado mbio ziliendelea kuwepo. Mwanamke mmoja wa Buea, Sarah Etonge, alishinda mara saba na kuwa jina la nchi nzima. Mbio hizo zinajaza hoteli na masoko ya Buea, na eneo hilo nalo limepitia miaka ya vita.

Nchini Kenya, mji mdogo wa Iten, wenye metre 2.400, umejulikana duniani kwa sababu ya mbio peke yake. Siri yake moja ni urefu wa ardhi. Mtu anayeishi na kuzoezwa juu, ambako oksijeni ni kidogo, damu yake inajifunza kubeba oksijeni zaidi. Akishuka chini, anakimbia kama aliyepunguziwa mzigo. Kibati na Kibumba nazo ziko juu, ingawa chini ya urefu huo. Watoto wa hapa wanazaliwa na kukua katika hewa ambayo wanariadha wa Ulaya wanalipa pesa nyingi kuifuata Kenya. Wanapanda milima na bidoni kila siku. Mazoezi wanayo tayari. Kinachokosekana ni viatu, walimu wa mchezo, chakula cha kutosha, na amani ya miaka kumi mfululizo.

Mfano uko pia katika jimbo letu. Makorobondo Salukombo alizaliwa Kongo, akakimbia vita akiwa mtoto na familia yake, akakulia Uganda na kisha Marekani. Kule akawa mkimbiaji. Angeweza kubaki huko. Alirudi Kivu Kaskazini kuwafundisha vijana wa kijiji cha kwao kukimbia, na mwaka 2016 alivaa rangi za Kongo katika marathoni ya Michezo ya Olimpiki ya Rio. Maisha yake yote yamo ndani ya neno lile moja, kwa maana zake zote mbili.

Kwa anayetaka kwenda

Anayetaka kujaribu njia hizi aanze na habari, si na viatu. Aulize wenyeji hali ya usalama siku hiyo, na akiambiwa «leo hapana», arudi bila ubishi. Aangalie pia rangi ya tahadhari inayotangazwa na Kituo cha Volkano cha Goma, OVG: kijani, manjano, rangi ya machungwa au nyekundu.

Asitoke njiani. Mahali palipopiganwa mara nyingi hivi, chuma chochote kilicholala kwenye majani kinaweza kuwa bomu ambalo halikulipuka. Njia inayopitwa na watoto wa shule kila siku ndiyo njia ya kuamini. Njia nzuri isiyo na nyayo za watu ina sababu ya kutokuwa na nyayo.

Apande polepole. Kutoka Goma hadi Kibati, anayeanza kwa kasi atamaliza akitembea. Wazoefu wanagawa njia: kupanda kwa gari au pikipiki na kushuka kwa miguu mara ya kwanza, kisha siku nyingine kupanda hadi Kanyaruchinya tu, kisha hadi Kibati. Kushuka nako kunahitaji akili, kwa sababu magoti ndiyo yanayolipa. Mawe ya volkano yanakata kama kisu, na soli nyembamba haimalizi miezi mingi.

Na aache kitu nyuma. Kikundi kikinunua chai, mahindi ya kuchoma au ndizi Kibati, kijiji kitafurahi kukiona tena Jumamosi inayofuata. Kikipita kama upepo, kikipiga picha watoto na nyumba zilizoungua, hakitakuwa na tofauti kubwa na wageni wengi waliokuja hapa na kamera wakati wa shida.

Kinachowezekana

Hakuna kinachozuia kikundi kidogo cha Goma na vijana wa Kibati kuanza na jambo la kawaida kabisa: mbio za kijiji hadi kijiji, mchana kweupe, kwa ruhusa ya wakubwa wa grupema, kijana wa kila kijiji akiongoza sehemu ya kwao kwa sababu ndiye anayejua shimo la mazuku liko wapi na shamba la nani lisikanyagwe. Wenye chukudu wakapewa mbio zao za kushuka. Mzee mmoja akaombwa asimame pale moto wa 1977 ulipopita, awaeleze watoto aliyoyaona. Hayo hayahitaji mfadhili wala bango kubwa. Yanahitaji asubuhi tulivu.

Asubuhi tulivu ndicho kitu ghali zaidi katika Nyiragongo, na hakuna kikundi cha futingi kinachoweza kuinunua. Lakini zinapopatikana, hata chache, zitumike. Mtoto wa Kibati aliyezaliwa 2021, mwaka wa moto, tayari ameshakimbia na familia yake zaidi ya mara moja kabla hajaingia darasa la kwanza. Anaijua barabara hii kwa upande mmoja tu, ule wa kushuka kwa hofu. Anastahili kuijua pia kwa upande wa kupanda, akiwa na namba kifuani, na mama yake akiwa amesimama pembeni, hajabeba kitu kichwani, anampigia makofi.